Ndege wa Kuonekana

Kulikuwa na nchi, na kwa mujibu wa makadirio ya karibuni bado iko. Jina lake tunalijua, lakini wenyewe hawapendi litajwe ovyo, nasi ni watu wenye adabu. Ilikuwa nchi ya amani sana. Amani ilikuwa na wizara yake, na wizara hiyo ilikuwa na magari ya deraya. Katikati ya bendera palichorwa mwari, yule ndege mnene mweupe mwenye mfuko chini ya mdomo, kwa sababu waasisi wa taifa walimtazama katika kinamasi cha Lumbo jinsi anavyochota kwa mdomo mpana na kumeza bila kutafuna, wakaona hakuna kiumbe mwingine anayeielewa kazi ya serikali vizuri kama huyu.

Basi mwaka mmoja Rais wa nchi hiyo, ambaye wananchi walimwita Baba Mkuu kwa hiari yao kama sheria ilivyotaka, alikuwa akilihutubia taifa kuhusu barabara. Upepo ukachukua ukurasa mmoja wa hotuba. Mtu mwingine angenyamaza, lakini Baba Mkuu hakuwa na mazoea hayo, akasema lililomjia: "Na ndege wetu wa Lumbo wanaongezeka kila mwaka!" Uwanja mzima ukapiga makofi. Hakuna aliyejua kama ndege wanaongezeka au wanapungua, ila makofi hayakuwa na sharti hilo. Tangu siku hiyo ndege wa Lumbo wakawa chini ya amri ya kuongezeka.

Ndege wenyewe hawakuwa na redio. Wakaendelea kupungua. Sababu ilikuwa Mfereji wa Uzalendo, uliochimbwa ili kuyatoa maji Lumbo na kuyapeleka mji mkuu, kwenye chemchemi za Uwanja wa Ushindi, ambako yalirushwa juu usiku na mchana huku taa za rangi zikiyamulika. Wataalamu walieleza kuwa maji yaliyolala kwenye matope yanaonwa na watu wachache wa kijijini, bali maji yanayoruka yanaonwa na taifa zima. Hoja hiyo haikupata mpinzani, na aliyetaka kuipinga alishauriwa aende akaoge.

Katika nchi hiyo kulikuwa na mwanamke aitwaye Sikitu, mtakwimu wa Idara ya Hesabu za Viumbe. Alizaliwa Lumbo, kwenye nyumba iliyotazama mafunjo, yale majani marefu ya kinamasini. Mama yake, Bi Nyamizi, aliyafuma mafunjo hayo kuwa majamvi, na hakuna harusi wala msiba kijijini hapo ambao watu hawakukalia kazi ya mikono yake. Mdogo wake Sikitu, Mlekwa, ndiye aliyekuwa mhesabu ndege wa serikali huko Lumbo. Kila msimu alizunguka kinamasi na darubini shingoni, akahesabu mwari, korongo na yangeyange, kisha akapeleka idadi kwa dada yake mjini. Alikuwa mtu mbishi, mpenda ugoro, na alikuwa hajui kusema jambo kwa sauti ndogo.

Mlekwa alipopeleka idadi ya mwaka ule wa hotuba, Wizara ilimrudishia na kumtaka arudie kwa moyo wa kizalendo. Akarudia. Idadi ikashuka zaidi, maana wakati anazunguka mara ya pili korongo wengine walikuwa wamekwisha hama. Hapo Waziri wa Mabwawa, Ndege na Ufafanuzi, Mheshimiwa Tandasi, akatamka bungeni kwamba ndege walikuwepo wengi mpaka huyu bwana alipoanza kuwahesabu. Ikaundwa kamati ya kuchagua njia bora ya kuhesabu ndege, na mwisho wa ajenda yake palikuwa na mstari mdogo: "Hatua za kumchukulia mpunguzaji."

Sikitu aliusoma mstari ule mara mbili. Katika nchi ile hatua zilikuwa na maana moja tu. Gari lilikuja, mtu akapanda.

*

Kamati ilikaa katika ukumbi wenye viyoyozi hata wajumbe wakaomba makoti. Sikitu alisimama mbele kuwaeleza njia mbalimbali za kuhesabu ndege, na moyo wake wote ulikuwa kwenye ule mstari wa mwisho.

Akaanza na sampuli. Alisema si lazima kuhesabu kinamasi kizima, unaweza kuchagua sehemu chache bila upendeleo, ukazihesabu vizuri, ukakadiria zilizobaki.

"Sehemu hizo zitachaguliwaje?" akauliza mjumbe mmoja.

"Kwa bahati nasibu, mheshimiwa."

"Bila kamati ya uteuzi?"

"Ndiyo."

"Hiyo ni vurugu," mjumbe akasema, na wenzake wakatikisa vichwa. Njia ya sampuli ikakataliwa kwa kukosa vikao.

Akaeleza kwamba kila makadirio huwa na kiasi cha shaka, na mtaalamu mwaminifu hukitaja. Hapo ukumbi ulinuna. Mheshimiwa Tandasi alimwuliza kwa upole kama anamaanisha serikali ina shaka. Sikitu akasema ni shaka ya hesabu tu. Waziri akasema shaka huanzia kwenye hesabu, kisha hupanda kichwani, na ikishafika kichwani hushuka barabarani na mabango. Shaka ikafutwa kwenye kumbukumbu za kikao kwa kauli moja.

Ikabaki njia moja. Sikitu alikuwa ameiweka mwisho kwa sababu ilikuwa njia halali, inayotumiwa na wanaoijua kazi, na kwa sababu ilipandisha idadi kidogo. Alifikiri hicho kidogo kingetosha kumtoa ndugu yake kwenye mstari.

"Waheshimiwa," akasema, "mhesabu hawezi kumwona kila ndege. Wengine wamejificha kwenye mafunjo. Kutoonekana si kutokuwepo. Kwa hiyo tunapima kwanza uwezo wetu wa kuona. Tukijua kwamba tunaona nusu tu ya ndege waliopo, na leo tumeona kumi, basi waliopo ni ishirini. Tunaichukua idadi tuliyoiona, tunaigawa kwa uwezo wa kuona. Mlekwa hakupunguza ndege. Aliandika aliowaona tu."

Mheshimiwa Tandasi alikuwa amefumba macho. Akafumbua moja.

"Rudia hapo, mama. Tukiona nusu, idadi inazidi mara mbili?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na tukiona robo?"

"Inazidi mara nne."

Waziri akafumbua la pili. "Kwa hiyo kadiri tusivyoona, ndivyo wanavyoongezeka."

Sikitu alitaka kusema kwamba hapana, kwamba ukiona vibaya, unaowaona nao wanapungua, na kwamba uwezo wa kuona hupimwa, haupangwi. Alifungua mdomo. Lakini makofi yalikuwa yamekwisha anza, na katika makofi hayo mwenyekiti alitangaza kuwa mstari wa mwisho wa ajenda umeondolewa. Sikitu akaufunga mdomo. Ndugu yake alikuwa amepona, na siku ile hakuona kitu kingine kilichokuwa na uzito zaidi ya hicho.

*

Mkakati wa Taifa wa Kutoona ulizinduliwa na Baba Mkuu mwenyewe, akikata utepe ambao kwa makusudi haukuwekwa mbele yake. Wahesabu wenye macho mazuri walistaafishwa kwa heshima. Waliobaki walinyang'anywa darubini, wakapewa miwani ya kusomea ya wastaafu. Likajengwa jukwaa la kuhesabia ndege upande wa pili wa kilima, na kwa usalama zaidi mbele yake likainuliwa ukuta. Sentensi ya Sikitu, "Kutoonekana si kutokuwepo," ilichapwa kwenye kofia na fulana, na watoto wa shule waliiimba mstarini asubuhi.

Idadi ya ndege ikapanda hata Wizara ikalazimika kuishusha kidogo ili iaminike.

Mlekwa, kwa kuwa macho yake yalikuwa makali mno, alipewa miwani mizito ya bibi mmoja marehemu. Alikwenda nayo mpaka nyumbani kwa dada yake mjini, akaitupa juu ya meza, hata chai ikamwagika.

"Dada, hii ndiyo elimu tuliyokuuzia ng'ombe ukaisome?"

"Punguza sauti, Mlekwa."

"Nipunguze tena? Si ndiyo mimi mpunguzaji?" Akavuta ugoro kwa hasira. "Maji yamebaki magotini. Mama anatembea nusu siku kutafuta funjo la kufumia. Mwari wameondoka wote, amebaki yule mmoja mwenye kovu mguuni. Na ninyi huku mnaimba."

"Njia yenyewe ni sahihi. Wanaitumia vibaya."

"Basi kawaambie."

"Nikiwaambia, utarudi kwenye ule mstari. Nilifanya kwa ajili yako wewe."

Hasira ikamtoka Mlekwa, na kilichobaki usoni kilimwumiza Sikitu kuliko hasira yenyewe. "Najua, dada," akasema. "Ahsante. Lakini mimi sikuwa nimekuomba hivyo." Akaondoka bila kumaliza chai.

*

Msimu uliofuata ulileta msiba wa kitaalamu. Wahesabu walikaa nyuma ya ukuta, nyuma ya kilima, na miwani yao, wakaona sifuri. Sifuri ikapelekwa wizarani ikagawiwa kwa uwezo mdogo wa kuona, ikatoka sifuri. Wakapunguza uwezo wa kuona, wakagawa tena, ikatoka sifuri. Wakaleta mashine mpya, nayo ikasema vilevile. Wachunguzi walichukua mashine ile kwa mahojiano.

Sikitu alipoitwa, alikwenda karibu na furaha. Alifikiri sasa hesabu imekataa yenyewe, bila mtu yeyote kulaumiwa.

"Mheshimiwa, sifuri uigawe kwa unachotaka, itabaki sifuri. Haina dawa. Labda tuufunge mfereji."

Waziri alifikiri. "Kwa hiyo shida si ndege wengi. Shida ni mmoja."

"Mmoja?"

"Akionekana mmoja tu, hesabu itakubali?"

Waziri hakungoja jibu, akabonyeza kengele.

Ndivyo alivyokamatwa yule mwari mwenye kovu. Walimkata mabawa, wakamfunga mguu kwa kamba laini ya kiserikali, wakampa cheo cha Ndege wa Kuonekana, ngazi ya mkurugenzi msaidizi. Alipewa sato wabichi kila siku na gari lenye bendera. Kila wilaya iliyotaka ndege ilimwomba kwa maandishi. Gari linafika, mlango unafunguliwa, mkuu wa wilaya anamwona, mwari anapiga miayo, gari linaondoka. Mmoja akigawiwa kwa uwezo wa kuona wa wilaya ile, ambao ulikuwa karibu na hakuna, wilaya inajaa ndege. Hata wilaya za jangwani zikawa na vinamasi.

Watu wote walimjua yule ndege. Watoto walimwita Bwana Mkurugenzi, na wanawake sokoni walimwuliza dereva kama amekula. Lakini hakuna aliyesema kitu, maana katika nchi ile kujua kulikuwa hakukatazwi.

Kwenye Sikukuu ya Ndege, wageni wakiwa wamejaa jukwaani, mwari alipitishwa mara ya kwanza kwa niaba ya kaskazini, akashangiliwa. Akapitishwa mara ya pili kwa niaba ya kusini. Ndipo sauti ikatoka katikati ya watu, nene, isiyojua kuwa ndogo:

"Huyu si ndiye yule yule? Mtazameni kovu! Amebaki mmoja, jamani, na wamemkata mabawa!"

Sikitu alikuwa jukwaani na fulana yenye maneno yake kifuani. Aliitambua sauti kabla hajageuka. Vijana wawili wa itifaki walimfikia Mlekwa kwa tabasamu, mmoja akamshika kiwiko, mwingine akamwambia jua ni kali, twende ukanywe soda. Umati ukawapisha. Sikitu aliona kofia ya ndugu yake ikienda, ikienda, kisha hakuiona tena.

*

Alimtafuta. Polisi walimwambia hawana mtu huyo, wakamwuliza ana uhakika gani kuwa aliwahi kuwapo. Hospitali walimfungulia chumba cha maiti, akatazama sura za watoto wa watu wengine, akatoka akiegemea ukuta. Gerezani walimpokea chakula alicholeta wakakila mbele yake.

Mwishowe akaelekezwa kwenye ofisi mpya, Idara ya Wananchi Wasioonekana. Nje palikuwa na foleni ndefu ya kina mama, na kila mmoja ameshika picha. Karani alimtambua, akasimama kwa heshima.

"Shikamoo, mwalimu! Karibu sana. Hapa kazi zetu zote tunatumia njia yako."

"Ndugu yangu yuko wapi?"

"Yupo, mwalimu."

"Wapi?"

"Hatujui wapi. Tunajua yupo. Hajaonekana tu, na kutoonekana si kutokuwepo." Alisema hivyo bila kejeli hata kidogo, kama mtu anayemfariji mfiwa. "Uwezo wetu wa kumwona ni mdogo mno. Kihesabu, yupo zaidi kuliko zamani."

Sikitu aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Nyuma yake kina mama wa foleni walikuwa wanamsikiliza, na baadhi yao walikuwa wameshasoma jina lake kwenye kijitabu cha mafunzo ya njia yake kilichobandikwa ukutani. Alitaka mmoja wao amtukane. Hakuna aliyemtukana. Mmoja alimsogezea nafasi kwenye benchi.

Akapanda gari kurudi Lumbo kwa mama yake.

Bi Nyamizi alikuwa amekwisha elewa, kwa njia ambayo akina mama huelewa. Alikuwa na jamvi moja tu lililobaki, alilolifuma kwa mafunjo ya mwisho, jipya, halijakaliwa na mtu. Aliliegemeza mlangoni likiwa limekunjwa. Alitaka kulitandika uani, majirani waje wakae, Mlekwa aliliwe kama watu wanavyoliliwa. Lakini balozi wa nyumba kumi alikuwa amefika kabla ya binti yake, akasema kwa masikitiko kwamba kumwombolezea mwananchi aliyepo kimakadirio ni kupunguza idadi ya watu, na kosa hilo ni lile lile la kupunguza ndege.

"Sikitu mwanangu," mama akasema, "wewe umesoma. Niambie nifanye nini. Nisipomlia ataniona nimemsahau. Nikimlia wanasema nimemuua mimi."

Sikitu aliketi karibu na mama yake mlangoni, wakalitazama lile jamvi lililokunjwa.

*

Foleni ile ya kina mama mjini ilizidi kurefuka hata ikaonekana na wageni. Wizara ikakumbuka kilichoiokoa mara ya kwanza. Siku moja gari lenye bendera likaingia Lumbo, likasimama mbele ya nyumba ya Bi Nyamizi. Mheshimiwa Tandasi akashuka, na nyuma yake akashushwa kijana mmoja mwembamba aliyevaa shati jipya bado lina mikunjo ya dukani. Majirani wakasogea uani.

"Mama, tumekuletea mtoto," Waziri akasema. "Ameonekana."

Bi Nyamizi aliinuka, akamwendea kijana, akamshika uso kwa mikono miwili. Akaishusha mikono taratibu.

"Wewe mtoto wa nani, baba?"

Kijana akatazama chini. "Sijaruhusiwa kuwa wa mtu mmoja, mama. Leo nimeshakuwa wa nyumba nne."

Sikitu alitazama miguu ya kijana. Juu ya kifundo palikuwa na alama ya kamba.

"Mtakwimu," Waziri akamgeukia, "ni jambo dogo. Sema kwa sauti, majirani wasikie, kwamba umemwona. Akionekana mmoja, wote wapo. Kaka wa kila mtu yupo. Foleni itaondoka na mama yako atalala."

"Na nikisema sikumwona?"

Waziri akatabasamu kwa upendo wa kweli. "Basi uwezo wetu wa kuona umepungua tena, na wapo wengi zaidi. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Kweli ndiye. Sikitu aliipitisha hesabu kichwani mbele na nyuma, na kila mlango wa kutokea alikuta ameufunga mwenyewe, siku ile kwenye viyoyozi, alipoufunga mdomo. Alimtazama mama yake. Alimtazama yule kijana, ambaye midomo ilikuwa imemkauka.

"Mpeni maji," akasema. Kisha akamwuliza kijana, "Jina lako nani?"

Kijana akamtazama Waziri.

"Usimtazame yeye. Mama yako alikuitaje?"

"Maganga," akanong'ona. "Maganga wa Bi Kalunde. Ng'ambo ya mfereji."

Sikitu akasimama katikati ya ua. Hakuwahi kuwa na sauti kubwa, lakini siku ile alitumia ya ndugu yake.

"Majirani, mimi ni mtakwimu wa serikali. Nimemwona Maganga, mtoto wa Bi Kalunde wa ng'ambo. Nendeni mkamwambie mama yake mmemwona, yu hai, ana alama ya kamba mguuni. Nimeona mmoja."

"Vizuri," Waziri akasema haraka. "Sasa gawa."

"Sigawi."

"Mwalimu, njia ya taifa inasema..."

"Ni mmoja. Mlekwa sikumwona. Wengine wote sikuwaona. Ni huyu mmoja, na mwari ni yule mmoja. Nilipaswa kusema hivyo tangu mwanzo."

Hakuna aliyepiga makofi. Majirani wawili walikuwa wamekwisha toka uani wakikimbia kuelekea mferejini, wakiita jina la Bi Kalunde. Wale vijana wa itifaki, waliokuja na Waziri, wakamsogelea Sikitu na tabasamu lao, wakamwambia jua ni kali. Alimbusu mama yake mkono, akatangulia garini mwenyewe.

Bi Nyamizi alisubiri vumbi litue. Kisha akalichukua lile jamvi jipya, akalitandika uani mchana kweupe, akaketi, akaanza kumlia mwanawe kwa jina. Majirani wakaja mmoja mmoja wakavua viatu. Balozi wa nyumba kumi alikuja kuwakataza, akasimama sana pembeni, mwishowe naye akavua viatu akakaa.

Sisi tunaosimulia tulikwenda mjini juzi kumwulizia Sikitu. Karani wa Idara ya Wananchi Wasioonekana alitupokea vizuri, akatupa viti, akapekua, akatuambia tusiwe na wasiwasi, yupo.